Yai la Mfiwa

Ipo asubuhi moja ya mji wa Buffalo, huku America, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mtu wetu amefiwa.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, mgeni katika nchi hii, nikimtunza mjane wa Kiyahudi mtaa wa Riverside. Nilimwita Mama Miriamu. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, hatembei bila kigari cha kujishikilia. Jikoni kwake sufuria za maziwa zilikaa mbali na za nyama, maana Torati imewakataza kuchanganya. Sisi watu wa ng'ombe tuna miiko yetu ya maziwa, basi sheria ile niliishika upesi.

Usiku uliotangulia, simu ilikuwa imetoka milimani kwetu: mdogo wangu Enoki ameuawa malishoni. Waliokimbia hawakuweza kurudi kumzika. Binamu yangu, niliyeishi naye, akaniambia, "Bon, haya dada, vaa viatu. Huku America hakuna kukalia kilio. Ukikosa kazi leo, kesho wanaweka mwingine."

Nikavaa. Sikulia. Nikafika, nikabandika supu ya kuku katika sufuria ya maziwa, kosa ambalo sikuwahi kulifanya.

Mama Miriamu aliiona. Nilitazamia anifokee. Akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikamwambia.

"Na nani anakaa nawe?"

"Hakuna, Mama. Nimekuja kazini."

"Umefiwa, ukaja kunipikia mimi?" Uso ukamkunjamana. "Kwetu, siku habari inapokufikia, chakula cha kwanza hakitoki mkononi mwako. Keti."

"Mama, utaanguka."

"Nikianguka utaniokota, si ndiyo kazi yako? Keti. Kile kiti kifupi; kwetu mfiwa hukaa chini."

Akasimama jikoni, mkono mmoja kwenye kigari, akachemsha yai. Akalimenya kwa vidole vya uzee, maganda yakidondoka sakafuni. "Halina mdomo," akasema. "Mfiwa naye hana. Amri hii ni yetu, si yako. Lakini kula."

Kisha akanyamaza. Kwao mgeni hasemi mpaka mfiwa aseme. Nasi tuna neno letu, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, ila tumelisahau. Tunaingia na mahubiri kabla mwenye msiba hajafungua kinywa. Kimya kile kilinitisha. Yai lilipofika kooni, nikalia kwa sauti, nikamtaja Enoki kwa jina.

Enoki hana kaburi hadi leo. Yai halikumfufua, wala halikumzika. Mama Miriamu naye amekwenda zamani. Namshukuru Mungu aliyeiweka amri yake katika mikono dhaifu kama ile, nikaiona.

Sasa nisikilize, uwe Columbus au Louisville. Nasikia katika viwanda vya Jeffersontown, kando ya Louisville, mtu hupokea simu ya kwao wakati wa mapumziko, akafuta uso, akarudi kwenye mashine. Usimpite. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nenda kwake na chakula ulichopika wewe, wala usikubali akutengenezee chai. Keti chini. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu atajisemea mwenyewe. Ngoja aanze yeye. Na simu ikija kwako, hata ndugu wakikuhimiza, siku hiyo usivae viatu.

Bwana awafunike walio milimani, awahesabu wasio na kaburi. Na siku yako ya kilio ikifika, mwanangu, asikunyime mtu wa kukumenyea yai. Amina.