Jasho la Shangazi Dulcie

Kwa miaka ishirini na sita Dulcie Harrigan amewapandisha wageni kwenye michoro ya mwambani ya wazee wake wa kale, wenyeji wa asili wa Australia, na hata siku moja hajajifanya anawapenda. Wanakuja na kofia mpya na chupa tatu tatu za maji, wanalalamikia nzi kana kwamba nzi ndio wageni. Yeye huwasimamisha kijitoni, huchukua jasho la kwapani mwake akampaka kila mmoja kichwani, kisha huwapigia kelele wazee wa mwambani: huyu ni fulani, wa kwa fulani, yuko na mimi. Asiyepakwa havuki. Ukishapakwa, kosa lako ni lake.

Jumamosi ile walikuwa saba. Wa mwisho alikuwa mzee wa Kizungu aliyeiva kwa jua, mkoba umemvimba mgongoni.

"Jina?"

"Clive."

"Clive wa nani?"

"Clive tu, Shangazi."

"Mimi si shangazi yako. Na wazee hawapokei jina nusu. Wa nani?"

Akatazama buti zake. "Tolmer."

Mkono wa Dulcie ukabaki hewani. Kule juu, katikati ya tumbo la kangaruu mwekundu aliyechorwa mwambani, kuna herufi zilizochimbwa kwa kisu: TOLMER. Tolmer wa kwanza, mwenye ranchi ya hapo, alizichimba siku moja ya mapumziko, akiwa ameshiba. Aliyelazimishwa kumwonyesha njia ni bibi yake Dulcie, aliyekuwa mfuaji nguo wa ranchi hiyo, na ndugu zake mwenyewe hawakumsamehe mpaka anaingia kaburini.

"Umekuja kusoma jina la babu yako?"

"Nimekuja kulifuta." Akafungua mkoba, akatoa brashi ya waya, mpya kabisa. "Ni aibu yetu. Nataka niimalize kabla sijafa."

Mama mmoja kwenye kundi akaguswa. "Jamani, nia yake njema."

"Nia!" Dulcie alimgeukia. "Herufi zimo ndani ya mnyama. Akisugua, nini kitabaki?"

Akamgeukia Clive.

"Babu alikata, mjukuu anataka kukwangua. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu."

"Nilidhani mtafurahi," Clive alisema.

Dulcie akamnyang'anya brashi. Mpaka leo anasugulia masufuria yaliyoungua, na anakiri kwamba Tolmer alinunua brashi ya maana.

"Basi sifuti. Nipake tu, nikaangalie."

Machozi yalikuwa yamemlenga. Dulcie aliyaona, yakamchefua. Ukoo wake ulikwisha kumbeba Tolmer mmoja, na yeye hakuwa na mgongo wa kumbeba wa pili.

"Sikupaki."

"Sasa nifanye nini?"

"Kaa hapo. Bibi yangu alikaa nje ya mlango wa jikoni kwenu miaka kumi na minane, akisubiri kuitwa."

Akawavusha sita. Huko juu aliwatajia wazee majina sita, akawaonyesha wageni kangaruu na jeraha lake, wakala mkate na nyama ya kopo. Jua lilikuwa limeinama waliposhuka. Clive alikuwa palepale kwenye jiwe, nzi wamemjaa usoni, hajagusa hata maji yake. Aliposikia hatua zao aliinuka nusu, akamtazama Dulcie, akangoja.

Dulcie akampita, hakumwita.