Yungiyungi Nililoogopa Kulitaja

Muuza dawa za miti wa Kariakoo, yule wa kona ya kuelekea Gerezani, amezikwa juzi. Ndugu wasomaji, wengi mlimjua kwa mkono wake uliopinda. Mkono ule ulivunjwa mbele yangu, nami nilichangia. Nimeifuta sentensi hiyo mara nne, nikairudisha.

Mimi sikusomea miti. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiketi juu ya gunia lake, daftari mkononi, nikichora kila mzizi aliouza. Asubuhi moja walikuja wapagazi watatu. Ndugu yao alikuwa amefariki alfajiri kwa kula mzizi alioudhania kiazi kikuu. Walishika masalia ya mlo wake: mzizi wenye panda, shina bado limeshikamana nao, na jani moja ambalo ncha yake imejikunja kama kidole. "Wewe ndiye uliyemuuzia," alisema mkubwa wao. "Huo siuzi, mwanangu. Ni wa yungiyungi la misitu mikavu ya mlimani. Una sumu." "Kumbe unaujua." Kofi la kwanza likatua hapo. Damu ikimtoka puani, akanigeukia: "Kijana, umechora mizizi yangu yote. Waambie kama huu umo."

Haukuwamo. Nilijua kwa panda ile, nilijua kwa ncha ya jani. Lakini kitabu nilichoazima kilisema mmea huthibitishwa kwa ua, nami, mtu asiye na cheti, niliogopa kukosea mbele za watu. Nikasema, "Bila kuona ua siwezi kuwa na hakika." Mtu mmoja akacheka: "Mnasikia? Hata mwanafunzi wake anamkana." Wakamwangusha. Gongo la mkokoteni likamshukia mkononi mara tatu. Mara ya tatu nilisikia mfupa. Wengine walikanyaga dawa zake, wengine walimpiga mateke ya mbavu, mpaka balozi wa nyumba kumi akaja na mgambo. Baadaye ilijulikana kwamba yule ndugu yao aliuchimba mzizi ule mwenyewe kwao milimani.

Nilimfuata mzee nyumbani kwake Magomeni kuomba radhi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Ua umeliona?" Hakutabasamu.

Siku hizi kila mtaa una darasa la kisomo, na tunajivunia kujua. Mimi nilijua. Nilichokosa ni kuthamini mbavu za mtu kuliko jina langu. Nawaambia wenzangu tunaojifundisha wenyewe: ukijua kiasi cha kumwokoa mtu, sema kiasi hichohicho, na useme kabla gongo halijainuliwa.