Nilishtakiwa Kufuga Nyani kwa Kompyuta

Mwaka jana nilishtakiwa kwenye kikao cha kitongoji kwa kosa la kufuga nyani.

Sio nyani mmoja. Kundi zima, na madume yake.

Mshtaki alisema nawaita kwa kompyuta, wanakula shamba lake, halafu nawarudisha msituni. Na alikuwa na shahidi, mtu aliyesema ameona kwa macho yake.

Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Mimi ni fundi simu, Karatu mjini. Kwetu ni Singida. Shamba ninalolima liko Ganako, juu kabisa, pale mahindi yanapokutana na msitu wa hifadhi. Nimelikodi kwa mama mmoja mjane anaitwa Marsela. Chakula cha wanangu cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale, kinaanza kukomaa.

Anayelima kule anajua. Mchana adui ni nyani.

Sikuwa na mtu wa kulinda. Nilikuwa na laptop ambayo lodge moja waliitupa kwa sababu kioo kimepasuka, spika ya honi ya mikutano ya injili, na paneli ya sola. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunza mwenyewe kwenye simu, polepole, nikikosea na kurudia.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari michache tu. Piga king'ora. Lala robo saa. Piga tena. Rudia mpaka jua lizame.

Siku za mwanzo nyani walikimbia mpaka wakakanyagana.

Halafu siku moja nikamkuta dume mmoja mkubwa amekaa juu ya kichuguu, mikono magotini, kama mzee anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. King'ora kikalia. Hakutikisika. Kilipokwisha akashuka taratibu, wenzake wakamfuata, wakaingia shambani kula.

Aisee, nilichoka. Nyani alishajua kwamba ana robo saa yake.

Kabla sijapata dawa, akaja Wilibrodi.

Huyu ni jirani yangu, shamba lake liko ng'ambo ya korongo. Alikuja kwenye kibanda changu cha shambani na fimbo mkononi, na nyuma yake mlinzi wake wa shamba, Lazaro.

"Wewe wa kuja! Toka nje!"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako wapelekee nyani wako! Lazaro, mwambie ulichoona."

Lazaro aliangalia chini. "Kikilia tu, mzee, na kikinyamaza, wanavuka korongo wanaingia kwetu. Kila mara."

"Umesikia? Kila mara! Nyani ana saa? Amesoma? Nani anayewaita kama sio wewe?"

"Mzee, naomba nije nione shamba lako."

"Uone nini? Ukague ulichokula? Jumapili baada ya ibada kuna kikao. Utarudi Singida na hiyo redio yako ya kichawi, na nyani wako uwabebe!"

Akatema mate karibu na spika yangu, akaondoka.

Kesho yake akaja mama Marsela. Hakukaa hata kwenye kigoda nilichompa.

"Mwanangu, mimi nazeeka na hawa watu. Kikao kikisema uondoke, sitaweza kukutetea."

"Na mahindi, mama?"

"Mahindi hayatembei."

Nilielewa. Ningeondoka, yangebaki.

Mimi sio mtu wa kujibizana. Nikishindwa jambo huwa nalikagua kipande kwa kipande. Nikaenda kusimama kwenye mpaka, nikaangalia.

Nyani ni mharibifu. Anavunja bua, anang'ata hindi mara mbili, anatupa, anachukua jingine. Kwangu mabua yalilala kama watu wamepigana mieleka juu yake. Lakini kwa Wilibrodi, kipande cha karibu na korongo, mabua yalisimama wima. Yaliyokosekana ni mahindi tu.

Nikashuka korongoni. Nyayo za nyani zilikuwepo, tele. Katikati yake kulikuwa na nyayo za katambuga, zile ndala za tairi.

Katambuga huvaliwa na nusu ya Ganako. Nikanyamaza.

Nikarudi kwenye programu. Tatizo lake lilikuwa usingizi. Ikilala robo saa, imelala kweli. Nyani wanaweza kupita mbele yake wakiimba, haisikii. Na ikiamka inapiga kelele hata kama shambani hakuna hata panzi.

Nikasoma tena, nikagundua kitu. Mfumo endeshi wa kompyuta wenyewe una saa zake, wanaziita taima. Unaukabidhi kazi: nishikie sekunde tano, zikiisha nigongee. Wewe huna haja ya kulala. Unabaki macho, umetega sikio kwa lolote litakalotokea.

Basi nikatandika mshipi wa kuvulia samaki kule korongoni, nikaufunga kwenye swichi ndogo. Mshipi ukivutwa, hilo ni tukio.

Ila upepo nao huvuta. Ndege hutua. Kwa hiyo nikaandika hivi: mshipi ukivutwa, usipige kelele. Washa taima ya sekunde tano. Mshipi ukiachia kabla hazijaisha, futa taima, sahau. Ukizidi kuvutwa, piga king'ora. Na usinyamaze mpaka mshipi ulegee.

Ile robo saa nikaifuta. Sikumwambia mtu. Jumamosi nzima spika ilikuwa kimya.

Jumapili tukakaa mbele ya ofisi ya kitongoji. Mabenchi yalijaa, wengine wamesimama. Mwenyekiti, mzee Qamara, alikuwa hajatulia bado, Wilibrodi alishaanza.

"Jana mtambo haukulia siku nzima! Kesi imemziba mdomo!"

"Au nyani wamechukua likizo!" mtu akadakia nyuma. Wakacheka.

"Mtambo uchomwe!"

"Na yeye apande gari la leo leo!"

Mzee Qamara akainua mkono. "Shahidi yuko wapi?"

"Lazaro nimemwacha analinda," akasema Wilibrodi. "Nani angelinda, huyu? Alishasema aliyoyaona. Huyu kijana ajibu."

Nikasimama. Mama Marsela alikuwa anaangalia mikono yake.

"Wazee wangu, mimi siwezi kumwita nyani. Hata mbwa wangu nikimwita haji."

Hakuna aliyecheka.

Na hapo hapo, kutoka juu mlimani, king'ora kikalia.

Kikao chote kiligeuka kuangalia juu. Halafu kikalipuka.

"Amewaita!" Wilibrodi aliruka mpaka benchi likaanguka. "Amekaa hapa hapa mbele yenu na bado amewaita!"

Jamaa mmoja alinikwida kola. Mwingine akaninyang'anya simu, akaanza kuibonyeza kama anazima moto. Mwanamke mmoja akapiga kelele nipigwe kabla nyani hawajafika.

Mimi nilikuwa nasikiliza.

King'ora hakikunyamaza.

"Mzee mwenyekiti," nikasema, kola ikiwa bado imebanwa, "yule sio nyani."

"Umejuaje?"

"Nyani akisikia kile kitu kwa ghafla anakimbia. Mshipi unalegea, kinanyamaza. Hiki hakinyamazi. Kuna mtu ameshika kitu na hataki kukiachia."

Mzee Qamara alinitazama kidogo. "Twendeni."

Watu walipanda kile kilima na fimbo na mawe. Nilisukumwa mbele kama ng'ombe wa mnada. Kila tulivyokaribia, kelele zilizidi.

Wilibrodi ndiye aliyefika korongoni wa kwanza. Akasimama ghafla, waliokuwa nyuma wakamgonga.

Chini alikuwepo Lazaro, katambuga miguuni, anavuta gunia kwa mikono miwili. Gunia limejaa mahindi mabichi. Mshipi ulikuwa umelizunguka, umenasa kwenye miiba, na kila alipolivuta mshipi ulikaza. Angeliacha tu, angekuwa mbali.

Alipotuona aliliachia. King'ora kikanyamaza.



Wilibrodi alishuka na fimbo juu. Sijui nilitoka wapi, lakini nilijikuta nimeushika mkono wake.

"Subiri, mzee."

"Nisubiri nini? Si huyu hapa! Ameshikwa!"

"Sekunde tano tu."

Alinisukuma. Sikuachia. Watu walikuwa wanashuka korongoni na mawe yao, yale yale waliyoniokotea mimi.

Lazaro akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama bosi wake.

"Nimelinda mahindi haya tangu yanachipua. Siku nilipoomba hindi moja la kuchoma uliniambiaje, mzee?"

Wilibrodi akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Uliniambia nikale na nyani." Akajifuta jasho. "Basi nikala na nyani. Yule dume alikuwa anasubiri king'ora kinyamaze, nami nikasubiri naye. Nyani wakiingia, nani ataniuliza mahindi yamekwenda wapi?"

Halafu akanigeukia. "Na wewe fundi, mambo ya robo saa ulinieleza mwenyewe, tukinywa chai kwako. Jana na leo asubuhi haikulia, nikajua umeshaizima."

Hilo lilinichoma. Ni kweli, nilimweleza. Nilimchorea mpaka kwa kijiti kwenye vumbi, kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumsikiliza.

Fimbo ya Wilibrodi haikushuka juu ya mtu. Jiwe moja likadondoka kutoka mkononi mwa mtu, halafu jingine. Mzee Qamara akamshika Lazaro mkono, akapanda naye kuelekea ofisini, ili yaende kwa utaratibu. Mama Marsela alinipita, akasimama penye mabua yangu yaliyolala, akaliinua moja, akalisimamisha.

Nilivuna.

Wilibrodi hajaniomba radhi mpaka leo. Nikimwamkia anaitikia marahaba huku anaitazama spika. Juzi alipita akasema, "Hiyo redio yako bado inanikera." Nikamwambia, "Pole, mzee." Nasikia mlinzi wake mpya anachoma mahindi mchana kweupe, na hakuna anayemgombeza.

Dume yule bado anakuja. Anakaa juu ya kichuguu, mikono magotini, anasubiri robo saa ambayo haiji tena.

Ndugu msomaji, ukipiga kelele kwa ratiba unawapangia wezi muda wa kupita. Tega mshipi wako, nyamaza, subiri tukio. Na tukio likija usimrukie mtu kooni. Kuna mishipi inayotikiswa na upepo tu, hiyo huachia yenyewe. Mimi kompyuta yangu naipa sekunde tano kabla ya kupiga kelele.

Siku ile pale ofisini, mimi sikupewa hata moja.