Sururu na Mnyororo wa Mdogo Wake

Majirani ndio waliompa Baba Mkubwa jina la Sururu, naye hakulikataa. Kila asubuhi walimwona akipita, sururu begani, mtaimbo mkononi, panga kiunoni, akienda kung'oa visiki kwenye mashamba ya watu waliotaka malisho. Nusu ya malisho ya upande wetu aliyafungua yeye kwa mikono yake miwili, lakini katika vikao vya wafugaji hukaa karibu na mlango, na akinyoosha mkono hakuna anayemwona. Kwenye viti vya mbele wanakaa watu ambao hawajawahi kushika hata mpini. Nimeona niandike habari zake. Sitauficha wivu wake, maana nikiuondoa nitakuwa naandika habari za mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Mti wa miiba, hata ukiwa mwembamba kama kifundo cha mkono, haukatwi juu. Ukiukata usawa wa udongo, mvua ya kwanza tu unatoa machipukizi matano mahali pa shina moja, na mwaka unaofuata una kichaka. Yeye alichimba kuuzunguka, akakata mizizi ya pembeni mmoja baada ya mwingine, akashuka mpaka kwenye mzizi mkuu na kuukata chini, urefu wa mkono kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kisha akalifukia shimo na kulishindilia kwa kisigino.

"Ukiona mtu kakata juu kafunika udongo," alizoea kusema, "huyo hajasafisha shamba. Kalivalisha nguo."

Mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu, ni fundi wa magari. Kila mtu humwita Fundi, hata mama yao. Redio ikinyamaza, mwite Fundi. Mlango ukikwama, mwite Fundi. Baba Mkubwa alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, lakini mambo hayo aliyahifadhi moja moja tangu utotoni. Kuna picha ya zamani ya Bibi na wanawe wawili: Bibi ameweka mkono kwenye bega la mdogo, na mkubwa amesimama kando kama mlinzi wa benki. Nimemshuhudia Baba Mkubwa akiitazama picha hiyo kwa muda mrefu, halafu akatoka nje bila kumaliza alichokuwa akisema.

Mwaka jana ukuta wa nyumba ya Bibi ulipasuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi, ikawa lazima ahamie kwa mmoja wa wanawe. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja, mwenye mimba, aliyempenda kuliko sisi wajukuu wote kwa pamoja. Marehemu babu alikuwa ameacha shamba lililoota vichaka, nalo likagawanywa katikati kwa mstari wa mawe, upande mmoja wa Sururu, mwingine wa Fundi. Bibi hakutaka kuchagua mtoto. Alipobanwa sana akasema, nusu kwa utani:

"Ng'ombe wangu atakula upande utakaokuwa tayari kwanza. Na mimi nitahamia anakohamia ng'ombe wangu."

Fundi alicheka. Sururu hakucheka. Kesho yake jua lilimkuta shambani.

Wiki ya kwanza alimwacha mdogo wake mbali sana. Fundi alikuwa akifika amechelewa, anachimba kidogo, anapuliza viganja vyake vyenye malengelenge. Sururu alifanya kazi akiimba. Wiki ya pili Fundi alikuja na gari la gereji, akashusha nguzo tatu ndefu na mnyororo mzito wa kuinulia injini.

"Kaka, shikamoo!"

"Marahaba. Umekuja kung'oa visiki au kushusha injini?"

"Kisiki na injini ni ndugu, kaka. Vyote vinapiga kelele wakati wa kutoka."

"Kelele utapiga wewe mgongo ukikatika."

Fundi alizifunga zile nguzo kileleni, akazisimamisha juu ya kisiki kama mafiga, akaning'iniza mnyororo na kuukaza. Kra, kra, kra. Udongo ukavimba, ukapasuka, na kisiki kikatoka kizima kama jino, mizizi ikining'inia. Kutoka siku hiyo Baba Mkubwa aliacha kuimba. Kila mlio wa mnyororo aliuhesabu bila kutaka. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mtaimbo wake ulianza kukosea shabaha.

Bibi naye alikuwa na desturi ya kuja saa nne na chupa ya chai. Alileta kigoda chake na kukiweka kwenye mstari wa mawe, asionekane kuegemea upande. Lakini mnyororo ulikuwa sinema, na Bibi alipenda sinema. Siku ya tatu kigoda kilikuwa upande wa Fundi.

"Njoo uone kinavyotoka!" alimwita mkubwa wake. "We mwanangu, acha kuchimba, njoo uone!"

"Nimeshaona visiki, mama."

"Kama hiki hujaona."

Jioni ile Mama Mkubwa alimwona mumewe amekaa mlangoni, hajavua hata viatu.

"Leo mama hakukupa chai?"

"Amenipa. Ya pili."

"Ya pili si chai?"

"Ya pili imepoa."

Mama Mkubwa akaangua kicheko, akaketi karibu naye. "Mume wangu, una wajukuu. Mtu mzima mzima unashindania mama?"

"Sishindanii. Nataka haki. Mimi ndiye nimechimba ardhi hii maisha yangu yote, halafu mtu anakuja na chuma cha gereji, anapigiwa makofi!"

Neno hilo, haki, nimelipigia kelele sana chuoni, na nitaendelea kulipigia kelele. Jambo la kusikitisha ni kwamba Baba Mkubwa alikuwa sahihi nusu. Ni kweli hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Nusu nyingine ilikuwa wivu mtupu, na nusu hizo mbili zilifanana mno hata yeye mwenyewe hakuweza kuzitenganisha.

Wiki ya nne ilipokaribia kuisha, Sururu alibakiwa na visiki thelathini na vinne. Alipita kwenye mstari wa mawe akajifanya anatafuta panga, akahesabu vya mdogo wake: ishirini na mbili. Na upande ule ni kazi ya siku mbili tu, kwa mwendo wa mnyororo.

Asubuhi iliyofuata aliwahi kabla ya mtu yeyote. Hakushika sururu. Alichomoa panga, akainama, akakikata kisiki cha kwanza kwa mshazari, usawa wa ardhi, akasukuma udongo juu yake kwa mguu. Cha pili. Cha tatu. Mkono ulijua namna ya kukata, ila ulikuwa haujawahi kukata hivyo. Saa mbili baadaye thelathini vilikuwa vimelala chini ya udongo laini. Vinne vya mwisho alivichimba sawasawa, kwa sababu wakati huo Fundi alikuwa ameshafika.

"Kaka! Umemaliza?"

"Macho huna?"

Bibi alikuja saa nne. Alivua ndala zake na kuingia shambani peku, akitembea taratibu, mikono nyuma, kama mwalimu anayepita katikati ya madawati. Wanawe wawili walisimama kwenye mawe. Alikwenda hadi mwisho, akarudi kwa njia nyingine. Mahali fulani alisimama, akatazama chini kidogo, akaendelea.

"Pako tayari," Bibi alisema. "Kesho mje mnibebee vitu vyangu."

"Kaka, umenipiga bao," alisema Fundi na kumpa mkono. Lakini nyumbani kwetu siku hiyo baba hakugusa chakula. Aliupakata mnyororo akaupaka grisi, ingawa haukuhitaji grisi.

Unaweza kudhani Baba Mkubwa alifurahi. Alifurahi siku mbili. Alimpa mama yake chumba cha mbele, kitanda kipana, akampigilia misumari ya kutundikia nguo. Ile picha ya zamani aliitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa picha inafichika. Lakini siku ya tatu, wakati wa chai ya asubuhi, Bibi alisema, "Sijui Fundi amekula nini leo." Siku ya nne akasema redio ya humu inakwaruza, Fundi angeitazama. Baba Mkubwa aliibeba redio na kuifungua kwa kisu cha jikoni. Haikukwaruza tena, kwa sababu haikulia tena kabisa.

Siku ya kumi na moja, adhuhuri, Mama Mkubwa aliona ng'ombe amesimama kwa miguu mitatu. Kijiti kilichochongoka kilikuwa kimemwingia katikati ya ukwato, na alipojitikisa kujinasua udongo ulitawanyika, kisiki kikabaki wazi, kimekatwa mshazari na kung'aa kama ncha ya mkuki. Daktari wa mifugo aliitwa. Fundi naye alikuja mbio, bado ana mafuta mikononi, akamshika ng'ombe pembe wakati daktari akisafisha jeraha.

"Hili jeraha litapona," alisema daktari. "Ila hapa asirudi. Nani aliyesafisha shamba hili?"

Fundi alikuwa akikitazama kile kisiki. Anajua kusoma chuma kilichokatwa, na mti hauna tofauti kubwa. Akainua macho kwa kaka yake, akasema haraka:

"Ni yule kibarua uliyemweka mwishoni, kaka, sivyo? Nilikwambia vibarua wa siku hizi hawaaminiki."

Kibarua hakukuwepo. Wote wawili walijua. Baba yangu alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea, mbele ya mama yao na mbele ya daktari. Mtu mwingine angepita hapo na kushukuru. Baadaye Baba Mkubwa aliniambia mwenyewe: angeweza kuvumilia aibu, asingeweza kuvumilia kuokolewa na mdogo wake.

"Sikuweka kibarua," alisema. "Ni mimi. Vipo thelathini. Nilivikata, nikavifunika."

Daktari alijishughulisha na mkoba wake. Bibi alikuwa akimpapasa ng'ombe shingoni.

"Nilijua," alisema bila kugeuka. "Nilikikanyaga kimoja siku ile."

"Ulijua?" Sauti ya Baba Mkubwa ilipanda. "Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa hiyo ulinionea huruma. Mama, mimi wa kuonewa huruma?"

"Huruma gani? Nilikuogopa, mwanangu." Sasa aligeuka. "Ningemwambia Fundi kashindwa, angecheka, kesho yupo gereji. Ningekwambia wewe umeshindwa, usingenisemesha mpaka nizikwe. Nakujua, nimekuzaa. Nikaona bora nikanyage ninyamaze. Sasa tazama, aliyelipa ni huyu asiyejua habari zetu."

Sijui kama kuna neno lingeweza kumpiga zaidi ya hilo. Miaka yote aliamini mama yake alimpenda kidogo. Kumbe miaka yote alikuwa akimwendea kwa tahadhari, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyefungwa kamba ndefu.

Ng'ombe alipandishwa kwenye gari la gereji akapelekwa uani kwetu. Hakuna aliyemkumbusha Bibi maneno yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kile kipana. Baba Mkubwa aliingia, akatoa sanduku chini ya kitanda, akaanza kuzikunja nguo za Bibi yeye mwenyewe, vibaya, kama wanaume wanavyokunja.

"Twende, mama. Tulikubaliana."

"Mimi sikusema nataka kuondoka."

"Najua. Nimesema mimi."

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikafungua mlango walipofika. Baba Mkubwa alikataa kunipa sanduku. Alilibeba hadi kwenye chumba tulichomtayarishia Bibi, akaliweka chini, akakagua. Alisukuma dirisha kuona kama linafunguka. Alilibonyeza godoro kwa ngumi. Baba yangu alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri kama mwanafunzi.

"Kitanda cha kule kilikuwa kipana zaidi," Baba Mkubwa alisema.

"Ni kweli, kaka. Kipana."

"Na hewa kule ilikuwa nzuri."

"Ni kweli."

"Usinikubalie kila kitu kama mgonjwa, bwana wewe!"

Bibi akacheka kwanza, peke yake, akijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mama yangu alileta chakula, lakini Baba Mkubwa hakukaa. Alisema ana visiki thelathini na hataki machipukizi yamtangulie. Alipofika mlangoni, baba akamwita.

"Kesho nije na mnyororo?"

Baba Mkubwa alisimama akiwa ameshika kitasa.

"Njoo," alisema. "Ila uje saa nne. Niache kwanza nichimbe vichache peke yangu."