Samaki wa Magadi katika Banda la Evert

Saa mbili asubuhi, kisiwani Råholmen, mbali kaskazini, bado kuna giza la Desemba. Gunvor Bäckman, mwenye umri wa miaka 67, anasukuma mlango wa banda kwa bega, anawasha taa, kisha anasimama kidogo kizingitini. Husimama hivyo kila siku. Mumewe, Evert, alianguka na kufariki humu mwezi Februari, kati ya pipa la pili na ukuta. Gunvor ndiye aliyemkuta.

Mapipani kuna lutfisk: samaki aliyekaushwa mpaka akawa kama kuni, akalowekwa majini, kisha kwenye magadi, kisha majini tena, mpaka avimbe na kulainika. Asipokuwa mezani, watu wa hapa huona Krismasi haijafika.

Kwa miaka thelathini na minane Evert aliloweka, Gunvor akafungasha na kuuza. "Mimi nilikuwa wa vifurushi na wateja," anasema. "Magadi yalikuwa yake."

Novemba alijaribu peke yake, lakini hakuweza kuingia bandani. Akaloweka nyumbani, katika chumba cha kufulia. Majvor, dada yake Evert, alipokuja kuona, alizamisha upawa pipani na kuuinua polepole.

"Wifi, huyu si samaki. Huu ni uji."

"Nimefuata vipimo vyote."

"Vipimo vya banda lenye baridi. Wewe umemweka jirani na boila la maji moto. Hata sabuni ya kuogea ina mifupa zaidi kuliko huyu."

Gunvor hakucheka. Alimwambia kwamba kule bandani hawezi kuingia.

"Basi liuze," Majvor akajibu. "Yule bwana wa mjini Göteborg analitaka, aweke vitanda vya watalii. Ila usiniambie kwamba umeshindwa na magadi."

Walimwaga pipa zima, wakishikilia huku na huku.

Kwa desturi, samaki wa Krismasi hulowekwa siku ya jina la Anna kwenye kalenda, tarehe tisa Desemba. Siku hiyo Gunvor aliingia. Majvor alibaki nje kwenye upepo, akivuta sigara moja baada ya nyingine, mpaka aliposikia maji yakimiminwa.

Leo samaki wa kwanza anatolewa. Gunvor anambonyeza kwa dole gumba, anasita, anabonyeza tena. Evert alipima hivyohivyo, lakini kidole chake kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu. "Yeye alihisi kitu kingine kabisa," anasema. "Hakuna alichoweza kuniachia hapo. Inabidi nijifunze kwa kidole changu."

Saa sita mchana Sixten, jirani aliyekula samaki wa Evert kila Krismasi, ameketi jikoni kwa Gunvor. Samaki ametoka kwenye oveni, amemwagiwa mchuzi mweupe wa maziwa, njegere pembeni, pilipili manga juu. Majvor amesimama mlangoni na koti lake.

Sixten anatafuna bila haraka.

"Evert alikuwa anamwacha mgumu kidogo," anasema.

"Evert hayupo."

"Najua, Gunvor." Anasogeza sahani mbele. "Niongezee."

Majvor anavua koti, anavuta kiti. "Na mimi niwekee, kabla huyu mzee hajamaliza samaki."

Gunvor anapakua. Mchuzi unadondoka mezani, na hakuna anayeufuta.

Bwana wa Göteborg alipewa ahadi ya jibu baada ya mwaka mpya. Hatalazimika kusubiri mpaka hapo: banda haliuzwi. Gunvor ameshaagiza samaki wakavu wa mwakani.

"Watu wanadhani nataka kulinda jina lake," anasema, wageni wakiwa wameondoka. "Ninachotaka ni kuizoea kazi hii mpaka siku moja niingie mle moja kwa moja, nibadilishe maji, nitoke. Nifike huku jikoni ndipo nikumbuke kwamba sikusimama mlangoni."

Anachukua kitambaa, anafuta mchuzi uliodondoka mezani.

"Siku hiyo nitalia, nadhani. Lakini naitaka."