Zamu ya Kubeba Ndizi

Kambi za wakimbizi zilipojaa kwenye vilima vya Ngara, ndizi zilipata wanunuzi kuliko wakati wowote, na madarasa yetu kijijini Kirushya yakapungukiwa watoto. Siku za soko la kambini, wanafunzi wa darasa la saba walijitwika mikungu alfajiri, wakarudi jioni na mahindi au mafuta ya kula waliyobadilishana na wakimbizi.

Nilikuwa mwalimu kijana. Aliyeniuma zaidi ni binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye hesabu alizimaliza kabla sijaweka chaki chini. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na kila siku ya soko nafasi yake ilikuwa tupu. Mama yake alikuwa mjane mwenye migomba mizuri, na mikono ya kubeba ilikuwa yake na ya huyo binti tu.

Mwalimu mkuu aliita kikao cha wazazi. Hakuja hata mmoja. Tulikuwa tumekiweka siku ya soko.

Basi tukawafuata. Nilimkuta yule mama kwenye njia panda chini ya shule, mahali ambapo wanawake walitua mizigo kupumzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunikamata?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Nimekuja kumwomba mtoto, mpaka mtihani upite."

"Na mimi nimwombe nani anibebee? Shule mnatukumbuka mtoto akikosea au mkitaka michango. Haya, mchukue. Ila mkungu huu beba wewe."

Mara kundi la machela likashuka kilimani na mgonjwa, likielekea hospitali. Huku kwetu kila kitongoji kina kundi lake. Kila nyumba hutoa mtu kwa zamu, na anayekwepa hujua kwamba siku yake ikifika atajibeba mwenyewe. Wanaume wanne walikuwa begani, wengine wanne nyuma yao. Walipofika kwenye mwinuko walipokezana bila kusimama na bila mtu kutoa amri.

Jumapili, baada ya misa, mwalimu mkuu aliomba watu wabaki kidogo uwanjani. Mimi nikasimama nikawauliza: kama tunaweza kupokezana mgonjwa, tunashindwaje kupokezana mikungu ya nyumba zenye mtoto wa darasa la saba?

"Kwani ndizi zinaumwa?" mzee mmoja aliuliza. Uwanja mzima ukacheka.

"Haziumwi, mzee. Zina watoto wanaozibeba."

"Na ninyi walimu, zamu yenu ni ipi?"

Swali lilikuwa la haki. Mwalimu mkuu alijibu papo hapo kwamba jioni za soko walimu wangebaki kuwafundisha waliokuwa nyuma, na kwamba kikao cha wazazi kisingewekwa tena siku ya soko. Yule mama akasogea mbele. Akasema, "Andikeni nyumba yangu. Lakini na mimi nitabeba za wenzangu."

Wiki iliyofuata binti alirudi kwenye dawati lake. Wapo waliochelewa zamu, na mikungu miwili iliivia njiani kukawa na maneno, lakini mpango ulishika.

Siku ya mtihani iliangukia siku ya soko. Wasimamizi walitoka shule nyingine, nasi walimu wa shule tulikatazwa kukaribia madarasa, kwa hiyo nilisimama barabarani. Yule mama akaja na mkungu mkubwa kichwani.

"Mama, leo si ungepumzika?"

"Ni zamu yangu. Huu ni wa jirani, na mtoto wake yumo humo humo. Wangu amefika?"

"Amefika mapema. Tayari anaandika."

Hakugeuka kutazama shule, maana mwenye mkungu kichwani hageuzi shingo ovyo. Aliusawazisha kwa mkono mmoja, akaongeza mwendo kuelekea kambini.