Majina Ambayo Godelive Hakuyatoa

BUTEMBO – Saa mbili asubuhi, ukungu bado umekalia barabara. Godelive Kanyere anamwita mteja mmoja ndani, anafunga mlango, anavaa vifaa vya masikioni na kushika kipaza sauti.

"Beni, Beni, unanisikia? Uambie Kikapu, dada yake anamutumia mifuko mbili ya maharagi. Tena mutoto amepona."

Hakuna maharagwe yoyote. Kikapu ni jina la kupanga la mama mmoja wa Beni, na mfuko ni kiasi cha dola kinachojulikana na wenye fedha, Godelive, na mwenzake Phinées anayepokea huko Mulekera, mtaa wa Beni. Kila Jumapili wawili hao hubadilisha maneno yote.

Mama huyu wa miaka thelathini na saba yuko mwaka wa tano kwenye phonie, redio ambayo wakazi wa hapa wanaitegemea kupeleka habari na fedha tangu vita vifunge benki. Mteja analipa dukani Butembo, ndugu yake anapokea Beni, na hakuna anayebeba noti kwenye barabara yenye waviziaji. Tatizo ni moja tu: mwenye redio yake popote pale anasikia kila kitu.

Mwaka 1998, mpokezi wa phonie nyingine alitaja hewani jina la Adèle, shangazi yake Godelive, pamoja na dola mia tatu alizotumiwa. Jioni ile ile watu wenye mapanga walifika mlangoni. Fedha zilikwenda, na mkono wa kulia wa Adèle haujanyooka mpaka leo.

"Yule mupokezi hakuiba kitu," anasema Godelive. "Alisema tu. Njo pale nilijua kusema tu kunaweza kuua mutu."

Mwaka uliofuata, mfanyabiashara Josaphat alipomwajiri kuendesha phonie yake kwa dola arobaini kwa mwezi, Godelive alitoa sharti moja: hataandika wala kutaja hewani jina la mtu.

Sharti hilo lilipimwa Novemba 2000. Luteni Kalala, afisa wa kundi la waasi lililoshika mji, aliingia na askari wawili. Alitaka orodha ya wote waliopokea zaidi ya dola mia mbili, ili wachangie vita. Alipofungua daftari alikuta vikapu, majembe na mifuko.

Josaphat alishikwa na hofu. "Bapatie, Godelive. Batabeba chombo, na miye nitakula nini?"

"Chombo ni yako, papa Josaphat, babebe," akajibu. "Majina hapana yako, hapana yangu."

Hawakubeba chombo. Walimbeba yeye. Siku nne alilala kwenye sementi ya mahabusu, watoto wake wanne wakiwa kwa Adèle. Siku ya pili Kalala alimjia: ataje jina moja tu, aachiwe arudi nyumbani.

"Niliwaza batoto, nikalia," anakiri. "Mais hata hivyo nilimuambia: afande, nikikupa moja, kesho utarudia ya pili."

Aliachiwa siku ya tano, Josaphat alipolipa faini ya dola themanini. Fedha hiyo tajiri wake aliikata kwenye mshahara, nusu kila mwezi, kwa miezi minne.

Februari 2001 Kalala alirudi. Safari hii alikuja peke yake, bila bunduki, akakaa kwenye benchi na wateja wengine. Zamu yake ilipofika aliingia ndani, akafunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ana mke Mbuji-Mayi, upande wa serikali, na hajapata habari zake mwaka mzima. Wakubwa wake wakijua, angeitwa msaliti.

Godelive anasema alikumbuka sementi ya mahabusu. Neno moja tu lingetosha kummaliza mtu huyu.

"Roho ilikataa kabisa kumusaidia. Mais mutu akisha kuingia na siri yake, ni sawa na bengine." Akachukua kalamu, akamuuliza: "Unataka tukuite nani?"

Mwandishi alipotaka kujua Kalala alituma nini, alijibiwa kwa mkato: "Hiyo ulize yeye mwenyewe."

Ni Kalala mwenyewe, ambaye sasa vita vimetulia anangoja kuingizwa katika jeshi jipya, aliyeruhusu habari hii iandikwe. "Jeshi lilikuwa na phonie yake, ya bure," anasema. "Mais huyu mama nilimufunga siku ine na hakusema. Nilijua hata miye hatanisema. Nilituma mara kumi na moja. Bibi yangu ananingoja."

Simu za mkononi zimeanza kuingia mjini, na wateja wa Godelive wameshuka kutoka thelathini kwa siku hadi kumi na wawili. Yeye hana hofu. Anaweka akiba anunue simu mbili, moja ya hapa Butembo, na kukodi chumba cha nyingine huko Beu, mjini Beni, ambako mtu ataingia na kuzungumza mambo yake bila jirani kusikia. Seremala amekwisha kupima.

"Ananiambia ukuta wa mbao safu mbili, sauti isitoke, ni bei kali," anasema. "Nikamujibu: dirisha uache, rangi uache. Mbao ziwe mbili."